Tathmini Iliyotanguliwa na Uamuzi: Uhakiki wa Ukaguzi wa Maeneo ya Kale Kabla ya Ujenzi wa Migodi

Ikisiri

Katika nchi nyingi zenye madini, sheria inataka maeneo ya kihistoria na ya kiakiolojia yatathminiwe kabla mgodi haujajengwa. Makala haya yanahakiki utekelezaji wa sharti hilo. Hoja yake ni kwamba kasoro kuu haiko katika ustadi wa wanaakiolojia bali katika wakati wanaoitwa: leseni imekwisha kutolewa, mpaka wa shimo umekwisha kuchorwa, na tathmini imebaki kuwa orodha ya vitakavyoondolewa. Mifano inatoka Juukan nchini Australia, Katanga, Mapungubwe na Kagera, na mjadala unaishia Liganga, kusini mwa Tanzania, ambako mpangilio huo bado unaweza kugeuzwa.

Kujua baada ya kuruhusu

Tarehe 24 Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua kwa baruti mapango mawili katika korongo la Juukan, eneo la Pilbara, Australia Magharibi, ili kupanua mgodi wake wa chuma wa Brockman 4. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kampuni iliyopuuza urithi wa wenyeji. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaacha nje jambo ambalo lingepaswa kuwasumbua zaidi watunga sera: hatua zilizodaiwa na sheria ya jimbo zilifuatwa. Sheria ya urithi wa Waaborijini ya mwaka 1972 ilikuwapo. Kibali cha kuharibu kiliombwa chini ya kifungu cha 18 cha sheria hiyo, na kikatolewa mwezi Desemba 2013. Wanaakiolojia waliajiriwa. Wenyeji, yaani watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, waliketi vikaoni. Ripoti ziliandikwa, tena nzuri.

Kilichokosekana kinaonekana pale tarehe zinapopangwa kwa mfuatano. Uchimbaji mkubwa wa kiakiolojia katika pango la pili ulifanyika mwaka 2014, baada ya kibali kutolewa, na ulifanyika kwa jina la uokoaji. Ndipo vilipopatikana vitu zaidi ya 7,000. Ndipo ilipobainika kwamba watu waliishi humo kiasi cha miaka 46,000 iliyopita na kuendelea kulitumia pango hilo hata katika kipindi kikali cha ukame na baridi ya enzi ya barafu. Ulipatikana mfupa wa kangaruu uliochongwa ncha, wenye umri wa miaka ipatayo 28,000. Ulipatikana pia mshipi wa nywele za watu zilizosukwa, wenye umri wa miaka ipatayo 4,000, na vinasaba vyake vilionyesha uhusiano na wenyeji walio hai leo. Katika historia nzima ya akiolojia ni mara chache ushahidi umesema waziwazi namna hii kwamba hawa ni wajukuu wa wale.

Ujuzi huo wote haukuwa na mlango wa kuingilia katika sheria. Kifungu cha 18 hakikuweka njia ya kukifungua upya kibali pale taarifa mpya zinapopatikana, wala hakikuwapa wenyeji haki ya kukata rufaa. Kibali kilitolewa kwa mahali palipojulikana nusu, na kilibaki kuwa kibali kilekile baada ya mahali hapo kujulikana vizuri. Wenyeji walipopata habari katikati ya Mei 2020 kwamba ulipuaji ulikuwa karibu, mashimo zaidi ya 300 yalikuwa yamekwisha kutobolewa na baruti ikawa inashindiliwa. Kampuni ilieleza kwamba kuiondoa baruti hiyo kulikuwa na hatari kwa wafanyakazi. Kwa siku hizo chache maelezo hayo huenda yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, yanaonyesha kwamba hoja ya usalama husimama imara zaidi kadiri uamuzi unavyocheleweshwa, na kwamba kuchelewesha ni namna mojawapo ya kuamua.

Jambo lililofichuka baadaye mbele ya kamati ya bunge la Australia ni zito kuliko yote. Kampuni ilikuwa na michoro minne ya upanuzi wa shimo, na mitatu kati ya hiyo isingeyagusa mapango. Wenyeji walionyeshwa mchoro mmoja tu, ule wa nne, ambao ungeiwezesha kampuni kufikia tani zipatazo milioni 8 za mawe ya chuma ya daraja la juu, yenye thamani ya dola zipatazo milioni 135 za Australia. Kwa hiyo wanaakiolojia walitathmini mapango bila swali la shimo kuwa wazi, nao wenyeji walishauriwa bila kujua kwamba palikuwa na lolote la kuchagua. Mashauriano ya namna hiyo yanatimiza umbo la sheria, lakini anayeshauriwa amefungwa macho.

Mkurugenzi mkuu wa kampuni na viongozi wenzake wawili waliondoka. Kamati ya bunge ilitoa ripoti ya awali Desemba 2020 na ya mwisho Oktoba 2021. Jimbo la Australia Magharibi likatunga sheria mpya mwaka 2021, ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2023, na mwezi uliofuata serikali ileile ikatangaza kuifuta kutokana na malalamiko ya wamiliki wa ardhi, hasa wakulima. Sheria ya 1972 ikarudi, ingawa na marekebisho: sasa wenyeji wanaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, na taarifa mpya zinapopatikana lazima zitolewe. Nusu karne ya sheria, na pango la miaka 46,000, vilihitajika ili kifungu hicho kimoja kiandikwe. Nchi za Afrika Mashariki zinaweza kukiandika bila gharama hiyo.

Neno uokoaji linastahili kuhakikiwa hapa, kwa sababu limekwisha kuingia katika ripoti za Kiswahili bila kuulizwa. Anayeokoa huwa amekuta nyumba inaungua. Katika migodi, anayelipia uokoaji ndiye aliyeshika kiberiti. Aidha, kinachookolewa ni vitu, si mahali. Mshipi wa nywele uliotolewa pangoni bado upo, lakini tabaka la udongo lililouhifadhi, pamoja na majivu, chavua na mifupa ambayo mbinu za kesho zingeweza kuisoma, limekuwa kifusi. Uchimbaji wa uokoaji ni kazi halali pale ambapo njia nyingine zimejaribiwa zikashindikana. Unapoandikwa katika hadidu za rejea tangu siku ya kwanza, ni dalili kwamba njia hizo nyingine hazitajaribiwa.

Pale ambapo mgodi na eneo la kale ni mahali pamoja

Mfano wa Juukan unaweza kumfanya msomaji wa kanda hii aamini kwamba migogoro ya namna hii hutokea kwa bahati mbaya: mbuga kubwa, pango moja, na shimo lililochorwa vibaya. Katanga inaliondoa wazo hilo. Huko hapakuwa na bahati yoyote.

Wajiolojia wa Kizungu walipofika katika ukanda wa shaba mwishoni mwa karne ya 19, hawakuigundua shaba. Walionyeshwa mashimo. Jules Cornet, aliyepita huko mwaka 1892, aliandika kuhusu machimbo ya wenyeji. George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Tanganyika Concessions, aliweka alama za umiliki Kansanshi mwaka 1899 na baadaye Kambove, na kilichomwelekeza ni machimbo ya zamani yaliyokuwa yameachwa wazi vilimani. Kalukuluku, mgodi ulioitwa Étoile na Wabelgiji na ulioanza kutoa shaba ya tanuri la Lubumbashi mwaka 1911, ulikuwa pia machimbo ya kale. Kwa maneno mengine, akiolojia ndiyo iliyokuwa kifaa cha kwanza cha utafutaji madini. Mchimbaji wa zamani alikuwa amekwisha kufanya kazi ya upimaji, na mkoloni alilipa huduma hiyo kwa kuifuta saini yake.

Hasara ya kitaaluma inaweza kupimwa kwa kuangalia kilichosalia upande wa pili wa biashara ileile. Sanga, ufukweni mwa ziwa Kisale katika bonde la Upemba, makaburi yaliyochimbwa na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwaka 1957 na 1958, kisha na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, yametoa misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. De Maret alionyesha jinsi misalaba hiyo ilivyopungua ukubwa na kufanana zaidi na zaidi kadiri karne zilivyopita, dalili ya kitu kilichokuwa kinageuka kuwa fedha. Basi inajulikana shaba iliishia wapi: kifuani na kiunoni mwa marehemu, mbali na machimbo. Ilikoanzia, nani aliichimba, kwa kipindi gani cha mwaka, kwa zana zipi na chini ya himaya ya nani, maswali hayo yangejibiwa hasa katika mashimo yaliyogeuzwa kuwa migodi mikubwa. Ni kama kitabu kilichobakizwa sura ya mwisho peke yake.

Mambo hayo yanawahusu wasomi wa Kiswahili kwa namna ya karibu kuliko inavyodhaniwa. Msiri, aliyeutawala ufalme wa Garenganze kutoka Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, alitoka Unyamwezi, na njia iliyomfikisha Katanga ilikuwa njia ya shaba ambayo baba yake aliifanyia biashara kabla yake. Njia hiyohiyo ilisaidia kukipeleka Kiswahili huko, na kambi za wafanyakazi wa migodi zikaja kukikuza kuwa Kiswahili cha Lubumbashi kinachosemwa leo. Anayetafuta historia ya lugha hii magharibi ya ziwa Tanganyika anaitafuta, kwa sehemu, katika ardhi ya migodi.

Funzo la kisera linalotokana na Katanga ni rahisi kulitaja ingawa ni gumu kulitekeleza. Palipo na madini yanayoonekana juu ya ardhi, na palipo na historia ndefu ya ufuaji wa chuma au shaba, kuwapo kwa eneo la kale ndiko kunakopaswa kutarajiwa tangu mwanzo. Anayedai kwamba hakuna kitu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Taratibu zilizopo zinaugeuza mzigo huo. Hata kiwango nambari 8 cha Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu urithi wa utamaduni, ambacho migodi mingi inayokopa nje hukifuata, kinadai utaratibu wa kushughulikia vitu vitakavyokutwa kwa bahati wakati wa kazi. Sharti hilo ni jema kama wavu wa mwisho. Linapofanywa kuwa wavu pekee, dereva wa kijiko cha kuchimbia anapewa kazi ya mwanaakiolojia, tena akiwa na lengo la tani za kutimiza kabla ya zamu kwisha.

Mapungubwe, kwa ufupi

Afrika Kusini ina sheria inayotamaniwa na wahifadhi wengi wa kanda. Sheria ya rasilimali za urithi, nambari 25 ya 1999, katika kifungu cha 38, inadai kwamba mamlaka inayotoa kibali izingatie maoni ya mamlaka ya urithi kabla ya kutoa uamuzi. Mapungubwe, kwenye makutano ya mito Limpopo na Shashe, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2003. Hapo ndipo palipokuwa makao ya ufalme wa karne ya 13, uliouza dhahabu na pembe kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi na kupokea shanga za kioo, biashara iliyopita mikononi mwa watu wa miji ya Waswahili. Lakini mwaka 2010 haki ya kuchimba makaa ya mawe ilitolewa kwa mgodi wa Vele, kilomita chache kutoka mpaka wa hifadhi hiyo.

Mengi yaliyofuata yalikuwa ya heshima: mashirika ya kiraia na ya wanaakiolojia yalipinga, mamlaka ya mazingira ilisimamisha kazi, Kamati ya Urithi wa Dunia ikadai tathmini maalumu ya athari kwa urithi, na masharti yakaongezwa. Lakini tathmini hiyo maalumu ilikuja kujadili mgodi uliokuwa na haki mkononi, wanahisa na mitambo. Sheria nzuri, jina kubwa duniani, wataalamu wa kutosha, na bado mpangilio ni uleule. Ikiwa Mapungubwe ilipata shida hiyo, eneo lisilo na jina katika wilaya isiyo na ofisi ya mambo ya kale litegemee nini?

Mwaka 1863 na neno malikale

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inatumia mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichotengenezwa au kujengwa kabla ya hapo kinalindwa chenyewe, cha baadaye kinalindwa kikitangazwa. Kenya, katika sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, imeuweka mpaka wake mwaka 1895. Uganda iliachana na sheria yake ya 1967 na kutunga mpya mwaka 2023. Mipaka ya miaka ina faida ya kutumika kwa urahisi, lakini mkaguzi anayetembea na mwaka kichwani huona kwa mwaka huo. Kambi ya wapiganaji wa Majimaji, kaburi la pamoja la njaa iliyofuata vita hivyo, mgodi mdogo wa enzi ya Wajerumani, boma lililohamwa wakati wa vijiji vya Ujamaa: vyote ni historia, na vyote viko upande usiolindwa wa mstari hadi mtu atakapovitangaza. Ni nadra sana mtu kuvitangaza katika muda wa wiki chache ambazo mshauri mwelekezi hupewa kutembea uwandani.

Tatizo jingine limo katika lugha yenyewe. Sera ya Tanzania ya mwaka 2008 inaitwa Sera ya Malikale, na neno hilo limefanikiwa kuliko maneno mengi yaliyobuniwa na wataalamu. Hata hivyo limeundwa na mali na kale, na kila neno huja na macho yake. Mali huhesabika, huhamishika, huwekwa ghalani. Mkaguzi anayetafuta mali hukuta vigae, vipande vya mavi ya chuma, shanga na kuta. Msitu wa kaya za Wamijikenda hauna mali ya kuhesabu. Thamani yake iko katika makatazo, mazishi na kumbukumbu za kuhama. Kaya hizo zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, na zimo katika pwani ileile ya Kenya ambako mchanga wa titani umechimbwa huko Kwale. Kwa mtazamo wa malikale kwa maana finyu, msitu wa namna hiyo ungepewa alama ya chini, kisha ukaandikwa katika sura ya mimea. Wataalamu wa istilahi hawana haja ya kulitupa neno malikale. Wana kazi ya kuilinda maana yake pana katika hadidu za rejea, kwa kutaja wazi matambiko, mizimu, njia za kuhama, miti na vyanzo vya maji.

Kinachojulikana kijijini

Ushahidi bora zaidi katika kanda kwamba wazee huelekeza pale vyombo vya upimaji vinaposhindwa ni Katuruka, karibu na Bukoba, mkoani Kagera. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Peter Schmidt, akifuata masimulizi ya Wahaya kuhusu mfalme Rugomora Mahe, aliyejaribu kujenga mnara wa chuma wa kufika mbinguni, alionyeshwa mti uliotunzwa kama mahali patakatifu. Jina la mahali hapo, Kaiija, lilihusishwa na uhunzi. Uchimbaji ulikuta mabaki ya kazi ya chuma ambayo tarehe zake zilirudi nyuma miaka zaidi ya 2,000, mbali sana kuliko mfalme mwenyewe. Wasomi wamebishana kuhusu tarehe hizo na bado wana haki ya kubishana. Lisilobishaniwa ni kwamba migomba ilikuwa imekifunika kila kitu, na kwamba mtu aliyetembea kwa mistari iliyonyooka huku akitazama chini, kama ripoti nyingi za ukaguzi zinavyoeleza kazi yao, angeandika kuwa shamba hilo ni tupu.

Tathmini za migodi mara nyingi huwa na sura ya mahojiano na wanakijiji. Ubovu wa sura hizo ni kwamba mahojiano hufanywa na timu ya masuala ya jamii, ambayo huuliza kuhusu maji, ajira na fidia ya mazao, huku mwanaakiolojia akitembea porini peke yake na kifaa cha kupimia mahali. Matokeo ya pande hizo mbili hukutana kwenye jalada la kitabu tu. Zaidi ya hapo, mzee anayeulizwa kuhusu makaburi na matambiko huwa ameulizwa wiki hiyohiyo kuhusu fidia, na hawezi kulaumiwa akiyachanganya mawili hayo: kaburi limekwisha kuwekwa katika jedwali la malipo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataja mahali pa kuzikia na mahali penye maana ya kidini miongoni mwa ardhi ambayo mwenye leseni haruhusiwi kuitumia bila ridhaa ya maandishi. Kwa vitendo, ridhaa hiyo huja kuzungumzwa wakati gharama ya kuhamisha makaburi imekwisha kuingizwa katika bajeti ya mradi.

Ziko hoja za upande wa pili, na si za kubezwa. Serikali zinahitaji mapato. Wanaakiolojia ni wachache, na Idara za mambo ya kale hazina magari, achilia mbali maabara. Si kila kilima chenye mavi ya chuma kinaweza kuachwa, na mwanaakiolojia anayedai kila kitu mwishowe hasikilizwi kwa lolote. Ni kweli pia kwamba baadhi ya maeneo yaliyochimbwa vizuri nchini Tanzania na Kenya yalichimbwa kwa sababu mradi fulani ulilipia. Lakini hoja hizi zote ni hoja za kutathmini mapema, wala si za kutathmini kidogo. Kusogeza mpaka wa shimo wakati bado uko kwenye karatasi ni kazi ya siku kadhaa za mchoraji. Kuusogeza baada ya mkopo kusainiwa ni mgogoro wa kimkataba. Wataalamu wachache wanatumika vizuri zaidi wanapoelekezwa mapema penye uwezekano mkubwa kuliko wanapotawanywa katika kila leseni ili kutia muhuri.

Suala la anayelipa linagusa pia ukweli wa ripoti. Mshauri mwelekezi huajiriwa na mwekezaji, na huajiriwa tena na mwekezaji mwingine kwa sifa ya kumaliza kwa wakati. Pasipo rushwa yoyote, mfumo huo humfundisha lugha: maneno kama umuhimu wa wastani na athari zinazoweza kupunguzwa hujitokeza hata pale takwimu zake mwenyewe zinaposema vingine. Kanuni za tathmini ya mazingira za Tanzania za mwaka 2005 zinadai muhtasari uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Ripoti yenyewe, pamoja na kiambatisho cha akiolojia, hubaki kwa Kiingereza, haichapishwi, na haifiki maktaba ya chuo wala ofisi ya kata. Hivyo kanda imekusanya ujuzi mwingi wa kiakiolojia ambao hakuna mwanaakiolojia anayeweza kuutumia, na ambao mwanakijiji aliyetoa taarifa zake hawezi kuukosoa.

Liganga

Liganga, wilayani Ludewa mkoani Njombe, pana akiba kubwa ya chuma, na pamoja na makaa ya mawe ya Mchuchuma imekuwa katika mipango ya taifa kwa miongo mingi. Makubaliano ya ubia yalisainiwa mwaka 2011. Ludewa ni nchi ya Wapangwa, na Wapangwa walikuwa wayeyushaji na wahunzi mashuhuri muda mrefu kabla ya leseni yoyote. Kazi yao imeelezwa na watafiti wa karne ya 20. Magharibi zaidi, Ufipa, tafiti za Bertram Mapunda na wengine zimeonyesha jinsi matanuri marefu ya malungu yanavyohifadhi historia ya kazi, miiko na uchumi wa chuma. Kwa hiyo Liganga ni Katanga nyingine kwa maana iliyoelezwa juu: mahali ambapo mawe yanayotafutwa na mgodi ndiyo yaliyowavuta wahunzi wa zamani, na ambapo kuwapo kwa maeneo ya kale kunapaswa kutarajiwa na kila mtu anayeweka sahihi.

Tofauti na Katanga ya 1911, hapa bado kuna muda. Idara ya Mambo ya Kale pamoja na vyuo vikuu vinaweza kulikagua eneo zima la madini, si eneo la shimo pekee, kwa fedha zinazowekwa na serikali katika mfuko usioshikwa na mwekezaji, na ramani ya maeneo hayo ikawa sehemu ya nyaraka anazopewa mwombaji wa leseni badala ya kuwa nyaraka anazoziagiza yeye. Kibali chochote kinaweza kuandikwa na sharti kwamba ugunduzi mpya wenye uzito hukifungua upya. Michoro yote ya shimo, ukiwamo ule ambao kampuni haiupendi, inaweza kuwekwa mezani siku ya mashauriano. Na hadidu za rejea zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, zikasomwa katika mkutano wa kijiji, ili mzee wa Kipangwa anayejua tanuri la babu yake lilipokuwa alitaje kabla mpimaji hajapigilia kigingi cha kwanza.